Tupime Kwanza, Ndipo Tununue



Msimu uliopita sisi wa Luberizi tulinunua buji mbili, batri moja, bobini moja na kisanduku kimoja cha CDI kwa ajili ya pikipiki ya koperative. Vile vya zamani tulivyovitoa, hakuna hata kimoja kilichokuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa waya mbili zilizochubuka, na dawa yake ilikuwa utepe mweusi wa umeme pamoja na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mama anayetunza kaisa alipopiga hesabu, pesa tuliyotoa ilikuwa sawa na magunia matano ya mpunga.

Lakini siyo pesa iliyotuuma zaidi. Kilichotuuma ni kwamba katikati ya ujinga wetu tulimshuku kijana wetu, tukamnyang'anya funguo, tukamwacha majuma matatu akitembea kijijini kama mwizi. Tunaandika maoni haya juu ya hayo yote mawili, pesa na yule kijana. Tunajua koperative nyingi kati ya Uvira na Kamanyola ziko na pikipiki ya zamani kama yetu, na ziko na tabia kama yetu: ikizimika, tunanunua; ikizimika tena, tunatafuta wa kulaumu. Sisi tunasema tabia hiyo tuiache. Koperative isinunue kipande chochote cha umeme kabla ya mtu kupima.

Jinsi ilivyotokea

Pikipiki yetu ni mzee. Tuliipata mradi mmoja ulipofunga kazi, tayari ikiwa na miaka mingi barabarani. Hata hivyo ndiyo miguu ya koperative. Inapeleka mbegu mashambani, inambeba agronomu, inapeleka mfano wa mchele kwa wanunuzi wa Sange na Uvira, na siku nyingine usiku imembeba mgonjwa mpaka kituo cha afya. Ikilala, bei ya mchele tunaisikia kwa mdomo wa mnunuzi mwenyewe, na kila mtu anajua mnunuzi akiwa peke yake anasema bei gani.

Ilianza na kuzimika njiani. Inazimika ghafla, kama mtu amefunga kontakti, halafu baada ya dakika chache inawaka tena. Siku nyingine fyuzi inakatika, honi na taa zote kimya. Tukaambiwa ni buji. Tukanunua. Ikatembea siku tatu, ikazimika. Tukaambiwa ni batri, imezeeka. Tukanunua. Ikatembea siku mbili. Bobini, hivyohivyo. Mwisho tukaambiwa ni CDI, na hiyo ilibidi iagizwe ng'ambo ya Ruzizi, tukangoja zaidi ya juma zima huku mpunga uko ndani ya depo.

Kila mara kipande kipya kilipofungwa, pikipiki iliwaka na sisi tulipiga makofi. Leo tunajua kwa nini iliwaka. Ili kufunga kipande, fundi alikuwa anainua tangi na kusogeza nyaya. Nyaya zikisogea, ile sehemu iliyochubuka inaachana na chuma kwa siku mbili tatu. Kwa hiyo tulidhani kipande kimeponya, kumbe ni mkono wa fundi uliosogeza waya tu.

Katikati ya hayo, mtu wa kwanza asiyejulikana alisema: "Huyu kijana anauza vile vipande vizuri kwa wamotari wa Sange, anarudisha vibovu." Neno lile lilitembea haraka kuliko pikipiki yenyewe. Komite ilikutana na funguo ikachukuliwa. Kijana hakugombana. Alisema tu, "Sawa, wazee," akaenda kulima shamba la mama yake. Wengine wetu tuliona huo utulivu wake ni dalili ya kosa.

Fundi aliyetutoa gizani hakuja kwa ajili yetu. Ni mzee aliyefika depo kununua mchele wa nyumbani kwake. Alipoona pikipiki imelala, aliuliza swali moja ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuliuliza: "Inazimika ikiwa inafanya nini?" Tukatazamana. Ikabidi kijana aitwe shambani. Alifika na matope miguuni, akajibu papo hapo: "Inazimikaka wakati nakata kushoto. Hapa kwenye kona ya kuingia depo, na kule kwenye daraja. Niliwaambia tangu siku ya kwanza."

Na kweli alituambia. Mama wa kaisa alikumbuka. Sisi wengine tulikuwa tumesikia bila kusikiliza.

Mzee aliwasha pikipiki, akageuza usukani kulia: injini inalia vizuri. Akageuza kushoto: kimya. Akarudia mara tatu mbele ya watu wote. Kisha akatoa mfukoni kipimo cha umeme, kile mafundi wanachokiita testeri, akatoa fyuzi, akachomoa soketi ya CDI, akafungua kontakti. Ncha moja ya kipimo akaigusisha kwenye waya ya kuzimia injini, ncha nyingine kwenye chuma cha pikipiki. Usukani kulia, kipimo kimya. Usukani kushoto, kipimo kikalia. Maana yake waya ile ilikuwa inagusa chuma kila usukani ukienda kushoto, na injini ilikuwa inapata amri ya kuzimika, sawasawa na mtu aliyebonyeza swichi.

Alipofungua taa ya mbele na kufuata fungu la nyaya, alizikuta zimesuguliwa na shingo ya usukani. Waya mbili zilikuwa zimebaki shaba tupu: ile ya kuzimia, na ile nyekundu inayotoka kwa batri. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikikata fyuzi. Kamba ya kushikilia fungu lile haikuwepo. Ilipotea siku usukani ulipofunguliwa, na hakuna aliyeirudisha. Akafunika waya kila moja peke yake, akazungushia mpira wa baiskeli, akafunga mbali na chuma. Kazi haikufika saa moja. Kwa malipo alikubali kilo chache za mchele.

Umeme ni kama mfereji

Kwa nini sisi watu wazima, tunaojua kulima na kuuza, tulidanganyika mara nne? Tumejiuliza sana. Jibu letu ni kwamba umeme tunauogopa juu hauonekani. Kitu kisichoonekana tunakiachia mtu mwingine aseme, na akisema "nunua" tunanunua. Tena mara nyingi anayetafuta ugonjwa ndiye huyohuyo anayeuza dawa. Hatusemi mafundi ni waongo. Wengi wanafanya kazi bila kipimo, wanajaribu kipande kwa kipande kama mtu anayetafuta mlango gizani. Lakini gharama ya kujaribu inalipwa na nani? Inalipwa na kaisa ya koperative.

Hapa kwetu hakuna anayeogopa mfereji wa maji. Maji yasipofika kwenye shamba la mpunga, hakuna anayesema tununue mto mwingine. Tunachukua jembe na kutembea kandokando ya mfereji: hapa maji yapo, hapa yapo, hapa hayapo. Basi shida iko kati ya hapa na hapa. Tunakuta tundu la panya, au majani yameziba, au jirani amefungua upande wake.

Umeme wa pikipiki unatafutwa vilevile. Batri ni bwawa. Waya ni mfereji. Swichi ni mlango wa maji. Fyuzi ni sehemu dhaifu iliyowekwa kwa makusudi ili ivunjike yenyewe kabla mfereji wote haujabomoka. Tofauti kubwa ni moja: maji yakifika shambani yanaishia humo, lakini umeme lazima urudi ulikotoka. Njia yake ya kurudi ni chuma cha pikipiki chenyewe na ile waya ya masi inayokifunga kwa batri. Njia ya kurudi ikiziba, ni sawa na ya kwenda kuziba. Watu wengi wanasahau njia ya kurudi.

Hatua tunazofuata sasa

Mzee yule alirudi jumapili mbili kutufundisha. Haya ndiyo tuliyoandika kwenye daftari, na tunayatoa hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, muulize anayeendesha. Inazimika ikiwa baridi au ikiwa na joto? Kwenye mashimo, kwenye kona, au baada ya mvua? Taa zinazimika pamoja na injini, au injini peke yake? Andika majibu kabla ya kugusa kitu. Kuuliza si ujinga.

Pili, tazama kwa macho na shika kwa mkono. Angalia nyaya kwenye shingo ya usukani, chini ya tangi, chini ya kiti na karibu na bomba la moshi. Huko ndiko zinakosuguliwa na kuungua. Tazama pia meno ya panya. Pikipiki inayolala depo pamoja na mpunga inalala pamoja na panya, na panya anatafuna plastiki ya waya bila huruma.

Tatu, pima batri. Batri ya volti 12 iliyopumzika masaa machache, ikisoma 12,6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12,2 hivi, imebaki kama nusu. Chini ya 12 imeisha. Kama pikipiki ni ya zamani sana na batri yake ni ya volti 6, iliyojaa inasoma 6,3 au zaidi. Halafu washa taa na upige honi huku ukitazama kipimo. Batri ya 12 iliyokuwa imejaa ikianguka ghafla chini ya 11, imechoka ndani. Ikisimama imara, usiinunulie mwenzake. Ile batri yetu ya kwanza hatukuwahi kuipima. Leo inawasha taa ya depo usiku.

Nne, angalia fyuzi. Fyuzi nzima isiyopitisha umeme haipo: ama waya ya ndani imekatika, ama miguu yake imeshika kutu. Ikikatika, weka ya namba ileile iliyoandikwa. Na hapa tunaungama. Fyuzi zilipotuishia, mmoja wetu aliweka kipande cha waya ya shaba mahali pake. Nyaya zilipata moto mpaka plastiki ikalainika, juu ya tangi la esansi. Mungu alitulinda. Hesabu yake ni rahisi: taa ya wati 35 kwenye volti 12 inakula kama ampea 3. Ukiwa na fyuzi ya 10 na inakatika, jua kuna mahali umeme unamwagika. Fyuzi ikikatika mara mbili, acha kuilaumu, tafuta waya inayogusa chuma.

Tano, pima njia ya kurudi. Washa taa, weka ncha moja ya kipimo kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye pembe ya kutoa ya batri. Kipimo kinatakiwa kusoma karibu na sifuri. Kikisoma nusu volti au zaidi, masi imeshika kutu au boliti imelegea. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo. Taa hafifu, honi yenye kikohozi, starta inayolalamika: mara nyingi ugonjwa ni huu, na dawa yake haina bei.

Sita, pima kama injini inajaza batri. Injini ikizunguka kwa kasi ya kati, batri ya 12 inatakiwa kusoma kama 13,5 mpaka 14,5 hivi. Ikibaki 12 na kushuka, umeme haufiki. Fuata waya kutoka injini mpaka regulata, kile kisanduku chenye mapezi ya chuma. Ikipita 15, regulata imeshindwa kupunguza, na batri yako itachemka mpaka maji yaishe. Lakini jueni kwamba pikipiki nyingi za zamani zinawasha taa ya mbele moja kwa moja kutoka injini. Taa hiyo inang'aa ukikanyaga gesi na kufifia ukiachia, hata batri ikiwa nzima. Hiyo ni tabia yake, isikufanye uuziwe batri.

Saba, tazama cheche. Toa buji, irudishe kwenye kofia yake, ilaze chuma kwa chuma juu ya injini, mbali na tundu lake na mbali na esansi, kisha piga kiki. Usiishike kwa mkono mtupu, umeme wa buji ni maelfu ya volti. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Kama hakuna cheche, usikimbilie CDI. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, chomoa kwanza waya ya kuzimia na ujaribu tena. Cheche ikirudi, CDI na bobini ni wazima. Mgonjwa ni swichi au waya. Jaribio hili moja, ambalo halina gharama, lingetuokolea nusu ya pesa yote.

Nane, tikisa. Injini ikiwa inazunguka, geuza usukani pande zote mbili, vuta taratibu kila fungu la nyaya, gonga soketi kwa kidole. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni lazima ushikwe ukiwa kazini.

Na maonyo. Ukifungua batri, anza na waya ya masi. Ukifunga, masi iwe ya mwisho. Usichomoe batri injini ikizunguka, utaua regulata na taa. Usiongeze maji ya mto ndani ya batri, weka maji safi ya batri tu. Asidi inaharibu macho, na hewa inayotoka batri ikijazwa inaweza kulipuka, kwa hiyo sigara iwe mbali. Usioshe pikipiki kwa kuitumbukiza mferejini: maji yanaingia kwenye soketi, na kutu inaanza siku hiyohiyo.

Wanaotupinga

Tulipotoa wazo hili kwenye mkutano, wenzetu watatu walisimama kutupinga, na maneno yao yana uzito.

Wa kwanza alisema: "Pikipiki hii imezeeka, tuiuze." Kama injini imeisha, ni kweli. Lakini pikipiki isiyojulikana ugonjwa wake inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na anayeinunua akiipima kesho anatucheka. Tupime kwanza, hata kama ni kwa ajili ya kuuza.

Wa pili alisema: "Fundi ataona tunamdharau." Tuliogopa jambo hilo pia. Ikawa kinyume. Fundi wetu wa hapa, aliyetuuzia bobini, alikuja jumapili ya pili, akakaa, akajifunza pamoja nasi. Siku hizi anaazima kipimo chetu, na anasema kinampunguzia ugomvi na wateja. Fundi mzuri anataka ushahidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu lawama inamrudia yeye.

Wa tatu, mama mmoja, alisema: "Testeri ni kitu cha waliosoma." Tukampa akapima batri palepale. Namba alizisoma bila shida, kama anavyosoma mizani ya mpunga kila siku ya mavuno. Sasa yeye ni mmoja kati ya watu wetu wawili wa kupima.

Tunachoomba

Kwa koperative zenzetu tunapendekeza mambo manne. Nunueni kipimo kimoja. Kile cha kawaida cha sokoni kinatosha, na bei yake ni ndogo kuliko batri moja. Chagueni watu wawili wa kupima, na mmoja awe anayetunza kaisa au mtu wake wa karibu, ili anayetoa pesa aone namba kwa macho yake. Wekeni daftari la pikipiki: siku, dalili, kilichopimwa, namba iliyosomwa, kilichobadilishwa. Na komite iandike sheria moja fupi: hakuna pesa ya kipande cha umeme bila namba kwenye daftari.

Kipimo hicho hakitakaa bure. Mto wetu wa Ruzizi unazungusha mashini zinazogawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi, lakini huku vijijini wengi bado tunaishi kwa sola na batri. Testeri ileile inapima sola ya depo, na batri tunazotumia kujaza simu. Ila mashini ya kukoboa mchele inayotumia umeme mkubwa msiiguse. Hiyo ina mtu wake.

Kwa mashirika yanayotusaidia, pamoja na hili linalotoa jarida hili, tunasema kwa heshima: mkitoa pikipiki, msitoe funguo na picha ya sherehe tu. Toeni pia kipimo, mchoro wa nyaya wa pikipiki hiyo, na siku mbili za kufundisha. Pikipiki yetu ilifika bila karatasi hata moja. Mchoro wa nyaya ni ukurasa mmoja tu, na ungetuonyesha waya ya kuzimia inapita wapi. Na mradi ukifunga kazi, mwacheni fundi wenu atumie siku moja na sisi kabla hajapanda gari.

Tumalizie kwa kijana wetu. Baada ya ugonjwa kupatikana, wengine walitaka tumrudishie funguo kimyakimya, mambo yaishe. Mama wa kaisa alikataa. Alisema neno lililosemwa mbele ya watu lifutwe mbele ya watu. Basi kwenye mkutano mkuu mwenyekiti alisimama na kusema kwamba komite ilikosea, kwamba hakuna kipande kilichoibiwa, na kwamba kijana alitaja ugonjwa wenyewe tangu siku ya kwanza. Aliyeanzisha lile neno hakujitokeza mpaka leo.

Kijana alipokea funguo, akashukuru. Halafu aliomba kitu kimoja: daftari likae kwake, aandike yeye mwenyewe, ili siku nyingine akisema jambo libaki limeandikwa. Tulimpa. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: INAZIMIKA NIKIKATA KUSHOTO. Chini yake ameweka tarehe ya siku aliyotuambia mara ya kwanza. Tumelitazama daftari hilo mara nyingi, na hakuna aliyemwomba aubadilishe ukurasa huo.